Nimepanda ndege kwenda Lisbon kuitafuta dhahabu ya Kilwa

Haya, hamjambo huko? Hapa Manchester ni saa tisa na nusu usiku, nje manyunyu kama kawaida yake, na mimi mnaniona nimevaa makoti mawili. Msinicheke. Tiketi za bei chee zinakuruhusu kibegi kimoja tu, kiingie chini ya kiti, basi kinachovalika nakivaa na kingine nakitia mifukoni. Chaja iko huku, soksi ziko huku. Jana nimetoka zamu kwenye nyumba ya wazee saa mbili usiku, nimelala saa nne. Mkiona macho yamevimba, sababu ndiyo hiyo.

Kabla sijatoka, kuna swali mnaniuliza kila siku: "Dada, ukiwa na kibali cha Uingereza si unaingia Ulaya yote?" Huingii. Kibali changu ni cha Uingereza, kinaishia Uingereza. Kwa pasi yetu ya Tanzania unaomba viza ya Schengen, yuro 90, na juu yake barua ya mwajiri, taarifa za benki, tiketi, bima, mahali utakapolala. Wenzangu kazini wenye pasi za hapa wakiamua Alhamisi, Ijumaa wameshapaa. Mimi safari hii ya siku mbili nimeihangaikia tangu Februari, na yote kwa ajili ya chombo kimoja cha dhahabu ya Kilwa kilichoko makumbusho ya Lisbon. Haya, teksi imefika, tutaonana huko.

...

Tumefika! Angani ni kama saa tatu, na zote nimelala mdomo wazi, hakuna cha kuwaonyesha. Mlangoni kule kibegi kilitiwa kwenye kile kichanja cha kupimia kikagoma kuingia, kumbe ni fimbo ya kamera, nikaichomoa nikaishika mkononi kama mchunga mbuzi. Na hapa uhamiaji afisa kaniuliza nimekuja kufanya nini. Nikamwambia nimekuja makumbusho. Akasema, "Makumbusho gani, yote?" Nikamwambia moja tu. Akanitazama, akatazama makoti, akagonga muhuri.

Kutoka uwanja wa ndege unapanda treni ya chini ya ardhi, mstari mwekundu, unashuka Alameda, unahamia wa kijani mpaka Rossio. Rahisi kuliko kutoka Mbagala kwenda Kariakoo siku ya mvua.

Sasa tazameni chini. Uwanja huu wa Rossio umesakafiwa vijiwe vyeusi na vyeupe, vimepangwa mawimbi mawimbi, ukivitazama sana unaona kama sakafu inakwenda. Vizuri, ila vinateleza hivyo! Vimesuguliwa na miguu ya watu miaka na miaka. Mkija huku viatu vya soli laini mviache nyumbani. Na mji wenyewe ni milima mitupu, kila kichochoro ama unapanda ama unashuka, goti linakupa taarifa.

Hapa nyuma ya Rossio kuna kiwanja kidogo mbele ya kanisa la São Domingos. Nilikuwa nimesikia kwamba Waafrika wa Lisbon hukutana hapa, na kweli: akina mama wa Guinea-Bissau na vikapu vyao chini, wazee wa Cape Verde kwenye viti, vijana wa Angola. Nikapita nikitoa salamu kwa Kiingereza, hakuna anayejali. Nikamwona mama mmoja kajifunga kanga. Kanga, jamani! Nikajisemea lolote na liwe: "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umetoka wapi?"

Karibu nikae chini. Mama ni wa Palma, kule Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Kwao ni Kimwani, Kimakonde na Kiswahili, halafu Kireno cha shuleni. Mimi wa Kilwa, yeye wa Palma, pwani ile ile, tumekuja kukutana kwenye vijiwe vinavyoteleza. Hakutaka kurekodiwa, nami nimemheshimu, ila alichonifundisha nawapeni. Alininyooshea kidole kibao cha kanisa: Igreja. "Soma," akasema. Nikasoma kama ninavyojua mimi. Akacheka, akanisomea: "I-greja. Ndiyo gereza lenu hilo."

Subirini kidogo. Gereza letu, la kufungia watu, limetokana na neno la Kireno la kanisa? Ndiyo. Mabaharia wa Kireno walijenga ngome zenye kanisa ndani, na ngome zile zikaja kufungia watu. Kwetu Kilwa Kisiwani ile ngome ya ufukweni hadi leo inaitwa Gereza. Nimecheza pale utoto wangu wote, sikuwahi kujiuliza. Basi tukaanza mchezo: meza, mesa. Bendera, bandeira. Leso, lenço. Nanasi, ananás. Akaninunulia sambusa kwa jirani yake, na huku inaitwa chamuça, hiyo wameitoa India. Ina pilipili ya haki.

Kwenye kiwanja hicho hicho kuna jiwe la ukumbusho wa Wayahudi waliouawa mjini hapa Aprili 1506. Ushikeni mwaka huo, tutaukuta tena mbele.

Tunatembea. Kutoka hapa mpaka makumbusho ni kama kilomita tatu, nimekataa basi na nimekataa tramu. Hii barabara ndefu ni Rua Augusta, watalii watupu, napita mbio. Inaishia kwenye tao kubwa, na ukilipita unatokea kwenye uwanja unaotazama mto Tagus. Hapa nataka nisimame. Ikulu ya mfalme ilikuwa papa hapa mpaka tetemeko la Novemba 1, 1755, lililobomoa sehemu kubwa ya mji, kisha maji yakaja, kisha moto. Wenyeji mpaka leo uwanja huu wanauita Terreiro do Paço, kiwanja cha ikulu, na ikulu haipo. Lakini kabla ya hapo, merikebu za Bahari ya Hindi zilikuwa zikirudi kwenye mto huu. Na 1503 Vasco da Gama alirudi na dhahabu ya kwetu.

Mnajua habari zenyewe? Wengi tunafundishwa alipita Mombasa na Malindi 1498, basi. Safari yake ya pili, 1502, alitia nanga Kilwa na merikebu za mizinga, akamwambia Amiri Ibrahim ama alipe kodi kwa mfalme wa Ureno ama mji uchomwe moto. Kililipwa kiasi cha mithkali 1,500 za dhahabu, kwa hesabu ya leo kilo sita na kidogo. Na haikuwanusuru. Miaka mitatu baadaye, 1505, Francisco de Almeida akaja akauteka mji.

Na mimi mtu wa Kilwa niseme hili pia, maana tunapenda kujisafisha. Dhahabu ile haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka bara, ikashuka Sofala, na masultani wetu wakakaa njiani wakitoza. Husuni Kubwa, lile jumba lao la Kisiwani, haikujengwa kwa dua.

Haya, nimevuka kituo cha treni cha Cais do Sodré, jua kali, koti moja nimelifunga kiunoni. Kipande hiki hakina la maana, magari na reli tu. Ngazi hizi sasa. Nane... kumi na tano... nimeacha kuhesabu. Tumefika. Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes, maana yake madirisha ya kijani. Ndani nitasema polepole.

...

Ndicho hiki. Kiko peke yake ndani ya kioo. Kimekaa kama mnara mdogo, hakifiki hata mita moja, dhahabu na rangi za enameli, ile ya kioo kilichoyeyushwa. Ni chombo cha kanisani, cha kuonyeshea mkate wao mtakatifu. Katikati mitume 12 wamepiga magoti, tazameni nyuso zao, kila mmoja na ndevu zake. Fundi alikuwa fundi kweli, siwezi kumnyima. Sasa nainama hapa chini kwenye kitako, kuna maandishi yanazunguka. Mnaona? Kireno cha zamani: mfalme Dom Manuel aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya... Qilva. Kikamalizika 1506.

Qilva. Kilwa.

Nilijua yapo. Nimeyasoma, nimeona picha. Lakini kuikuta kwa macho, mbali hivi, mbele ya watu wanaopita na visikilizio masikioni bila hata kusimama... ngojeni nizime kamera.

...

Niko nje. Pembeni ya makumbusho kuna bustani ndogo, mto uko kule chini na makontena ya bandarini. Nimevua viatu, msinisogelee. Nimetoka kumpigia mjomba, yule mwenye boti ya kuvusha wageni kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani. Huko ilikuwa baada ya Magharibi. Nilishamtumia picha.

"Shikamoo mjomba. Umekiona?"

"Marahaba. Nimekiona. Hayo maandishi yanasemaje?"

Nikamsomea. Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekata.

"Na wewe kuingia humo, umelipa?"

"Kiingilio? Nimelipa mjomba."

"Basi tumekilipia mara mbili."

Tulicheka mpaka mlinzi wa hapa akatoka kunichungulia. Halafu mjomba akawa mtu wa kazi: anataka picha ya kitako chote, kila upande, herufi kwa herufi, aitie kwenye simu awaonyeshe wageni wake wakifika kwenye Gereza. Mimi nimepiga upande mmoja tu, ule wenye Qilva. Na milango imeshafungwa.

Ndege yangu ni kesho jioni. Saa nne asubuhi wakifungua niko hapo, nalipa mara ya tatu.