Kuugua kongosho ndo kupata saratani?

Asanteni. Swali lililokuja na wengi ni hilo hilo, mtu akishaambiwa kongosho limevimba anaona keshakufa na kansa. Hapana, tuelewane kwanza.

Kongosho ni kiungo kilicho nyuma ya tumbo, linatengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula, navyo kawaida vinaanza kazi vikishafika kwenye utumbo. Vikianza kazi humo humo ndani, kongosho linajisaga lenyewe, ndo yale maumivu ya tumbo la juu yanayopenya mpaka mgongoni. Mara nyingi chanzo ni mawe ya nyongo au pombe, na wengi wanapona. Wa kumwangalia ni yule ambaye inajirudia miaka na miaka mpaka kongosho linajaa makovu.

Utafiti uliotoka 1993 ulifuatilia wagonjwa wa namna hiyo wa nchi kadhaa: baada ya miaka 10 kama 2 katika 100 walikuwa wamepata saratani, baada ya miaka 20 kama 4. Kwa hiyo wengi sana hawapati. Ila waliorithi ugonjwa huu kwenye ukoo, wanaoanza kuumwa tangu utotoni, wao ni kama 40 katika 100 wakifika miaka 70, na sigara inawazidishia.

Sasa inakuwaje, hapa naomba mnisikilize maana ni jambo kubwa. Zaidi ya asilimia 90 ya saratani za kongosho zina hitilafu kwenye jeni inaitwa KRAS. Mwaka 2007 timu ya mtafiti wa saratani Mariano Barbacid kule Madrid, Hispania, waliwawekea panya waliokwisha kukomaa hitilafu hiyo, saratani haikuja, walipowavimbisha na kongosho kidogo tu ndo ikaja. Seli ikijeruhiwa inabadilika umbo ili ijinusuru, jeraha likipona inarudi, yenye hitilafu inashindwa kurudi, hapo ndo saratani inapoweza kuanzia. Ndo maana nasisitiza jamani sigara na pombe mwache, msisubiri.

Na kuna kinyume chake. Mzee wa miaka 60, hanywi, hana mawe, kongosho linavimba kwa mara ya kwanza, anakonda, kisukari nacho kimeanza juzi juzi. Huyo inawezekana saratani ndo imetangulia ikaziba mrija wa kongosho. Msikubali arudishwe nyumbani na dawa za vidonda vya tumbo tu, muulizeni daktari kuhusu CT skan, ile picha ya kuona ndani ya mwili.