Mkanda wa Ngozi wa Kunolea Wembe: Mhadhara kwa Vinyozi wa Lindi

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za mchana.

Nimeombwa nieleze namna ya kujitengenezea mkanda wa kunolea wembe, ule wembe mrefu wa mpini wa kukunja. Nianze kwa kuwavunja moyo kidogo: mkanda haunoi. Wembe ukishakuwa butu, dawa yake ni jiwe. Ngozi inanyoosha tu makali yaliyolala baada ya kunyoa.

Kwa hiyo ngozi ndiyo kila kitu. Ukienda kwa fundi viatu, usikubali mkanda wa suruali ovyo ovyo. Mingi ni plastiki iliyobandikwa kitambaa. Omba akukatie kijipande, ukichome. Ngozi itanuka nywele zilizoungua, plastiki itayeyuka. Kisha tazama pale ilipokatwa. Ukiona kijivu chenye ubuluu katikati, hiyo imedabaghiwa, yaani imetiwa dawa isioze, kwa chumvi za madini ya kromu, na mara nyingi ni laini, inavutika. Tafuta ya ng'ombe iliyodabaghiwa kwa magome, kahawia mpaka ndani. Nasi watu wa pwani tusijifanye wageni wa jambo hili: magome ya mikoko ya jirani zetu wa Rufiji yaliuzwa ng'ambo tangu enzi za Wajerumani kwa kazi hiyohiyo. Hata lile ganda jembamba la korosho tunalolimenya na kulitupa lina dawa ya kudabaghia.

Unene uwe milimita 2 hadi 3, upana sentimita 6 au 7, urefu 45 hivi. Kata kwa rula ya chuma. Ilowanishe kidogo, ilaze kwenye sakafu iliyonyooka, uiviringishie chupa mpaka itulie, kisha ikauke kivulini. Juani itajikunja, kazi yote imekwisha. Kipande cha turubai chenye vipimo hivyohivyo kiwe nyuma yake. Vifunge pamoja kwenye pete ya chuma, utundike msumarini. Asiye na mkono mtulivu aibandike ngozi juu ya ubao ulionyooka, maana mkanda ukilegea unaviringa makali.

Mafuta? Matone machache tu. Kiganja chako kikisugua ngozi kila siku kinatosha.

Sasa mwendo. Mgongo wa wembe utangulie, makali yafuate nyuma. Ukifika mwisho, pindua wembe kwa mgongo wake, kamwe si kwa makali, vinginevyo umeukata mkanda wako mwenyewe. Turubai mara 20 kwenda na kurudi, ngozi 40 au 50, bila kukandamiza. Haraka ya kujionyesha mbele ya wateja waachieni wa kwenye sinema.

Na hapa wenye viti vya kunyolea mnisikilize vizuri. Ngozi haichemshwi, wala spiriti haiingii mpaka ndani yake. Virusi vya homa ya ini aina ya B hukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi. Mkanda huu ni wa nyumbani, wa mtu mmoja na wembe wake. Dukani, kila mteja afunguliwe wembe mpya.