Hili ni la Nani?

Asalaam aleikum wazee wangu, mabibi na mabwana. Nashukuru mmeacha kahawa zenu za alasiri mkaja kunisikiliza. Walionialika waliomba nizungumzie utamaduni wa mtandao na ubunifu, nami nitaanza na chai ya shangazi.

Shangazi yangu anakaa Mabokweni. Idi moja ya mwaka 2019 nilikwenda kumpa mkono, akaniketisha barazani, akaingia ndani. Alipotoka na sinia alinikuta nimeinamia simu. Hakunigombeza. Alitua sinia, akatoa simu yake kwenye pindo la kanga, akabonyeza kile kipaza sauti, akalighania kundi la ukoo la WhatsApp huku mimi nimekaa mbele yake:

Simu umeng'ang'ania, mwanangu waitazama,
Chai nimekutilia, na mimi nimesimama.

Beti zilikuwa tatu. Mwishoni akajitaja, jina lake na la baba yake, kama wafanyavyo washairi wetu wanapofika kaditama. Ukoo mzima ulinicheka mpaka magharibi, na chai niliinywa imepoa.

Miaka miwili baadaye sauti ile ilinirudia. Safari hii ilitoka katika kundi la watu niliosoma nao, imekaa juu ya video ya vijana wanacheza, na chini yake pamewekwa ngoma ya singeli. Ilikuwa na vile vishale viwili ambavyo WhatsApp huweka kwenye kitu kilichokwisha kupokezanwa mara tano au zaidi. Tangu 2020 kitu cha namna hiyo huwezi kukituma ila kwa mtu mmoja au kundi moja kwa mara moja, maana yake wapo watu waliojipa kazi kweli. Beti zote zilikuwepo. Kilichokatwa ni pale mwisho, pale alipojitaja.

Nilikasirika, nakiri. Kisha nikaitazama tena, nikaona vijana wameiweza. Pale anaposema "na mimi nimesimama" ngoma inanyamaza, mmoja wao anaganda na sinia tupu mkononi. Huo ni ubunifu, na siwezi kuukataa nikiwa nimelelewa Tanga hii ya Black Star na Lucky Star, vikundi vyetu vya taarab. Taarab ya mwambao imechota lahani kutoka filamu za Kihindi bila haya, na sisi tukazifanya zetu. Kuazima si dhambi kwetu. Tena mkumbuke taarab inavyotunzwa: mstari ukikuchoma unainuka, unakwenda kwa madaha na noti yako, na ukumbi mzima unamjua aliyetunza, aliyetunzwa, na mara nyingi hata anayepigwa kijembe. Kidole gumba cha simu ni tunzo pia, ila mwimbaji hayupo jukwaani. Noti inaanguka sakafuni.

Tazameni jambo dogo. Kwenye simu nyingi za Android, ujumbe wa sauti wa WhatsApp unajihifadhi kwa herufi PTT, tarehe, kisha WA na namba. Mashine imekumbuka siku. Mahali pa mtunzi hamna. Lakini tusiibebeshe mashine lawama yote, kwani kuandika jina chini ya kitu kunataka sekunde tatu, na mimi mwenyewe nimetuma mamia ya vitu bila kuandika.

Babu zetu walikuwa na mtandao wao. Gazeti la Mambo Leo lilianza 1923, na wasomaji walipeleka mashairi yao humo. Mtu anauliza kwa shairi, mwingine wa mji wa mbali anamjibu kwa shairi, kwa vina vilevile akipenda. Wengi wao hawakuwahi kuonana. Wakijuana kwa jina na mji, basi, na hilo lilitosha kugombana kwa adabu na kupatana.

Na huyu wetu, Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, 1909. Alimwandikia barua ndugu yake Yusuf Ulenge tangu 1931 hadi 1958. Ndugu yule alizitunza, na leo ni kitabu. Tunamsikia Shaaban akizungumza mambo ya nyumbani kwa sauti isiyo ya jukwaani. Fikirini kama ingekuwa simu. Simu imejaa, kijana wa dukani anakwambia futa vitu upate nafasi, unafuta. Miaka ishirini na saba ya ndugu wawili inakwenda kwa kubonyeza mara mbili.

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mtunzi haki ya kutajwa. Lakini nani atampeleka mpwa wa jirani mahakamani kwa beti tatu za chai? Jambo hili ni la barazani kabla ya kuwa la hakimu. Kundi la mtaa lenye watu mia mbili likizoea kuuliza "hili ni la nani?" kila kinapoingia kitu kizuri, anayetuma atajifunza kuulizia huko alikokipata. Mimi katika kundi letu la ukoo nimeanza hivyo, na sasa wananiita karani. Sijali. Sauti za wazee wetu nimezihamishia kwenye kompyuta, kila moja na jina la msemaji, kijiji na mwaka.

Ile video nilimpelekea shangazi Mabokweni. Nilikwenda nimejiandaa kumtuliza. Aliitazama, akairudisha mwanzo, akaitazama tena, bega linacheza chini ya kanga. Nikamwambia, "Shangazi, wamekukata jina." Akasema ameona. Kisha akaninyooshea simu.

"Na huyu aliyenipigia ngoma, mwanangu, ni mtoto wa nani?"

Sikuwa na jibu.