Kumbukumbu Haiamki Ikiwa Sifuri: Mhadhara kwa Mafundi na Wahandisi, Kisumu

Wahandisi wenzangu, nanyi vijana mliosafiri asubuhi hii kutoka Kakamega na Siaya, karibuni.

Niliwahi kupewa kifaa cha kupimia joto katika chumba cha kuhifadhia samaki hapa mjini. Stima ikipotea na kurudi papo hapo, kifaa kiliwaka vizuri. Ikipotea usiku kucha, asubuhi kilikwama kwenye butiloda, yaani programu ndogo inayoanza kwanza na kuita programu kuu, kikidai kwamba kinasubiri kupakiwa programu mpya. Mezani pangu nilikichomoa na kukichomeka tena na tena bila kuona kosa, na kwa siku tatu nikalaumu nyaya, kisha unyevu wa ziwa.

Kumbe nilikuwa nikikirudishia umeme haraka mno. SRAM, kumbukumbu ya kazi iliyo ndani ya chipu, haisahau yote mara moja umeme unapoondoka; kwa muda mfupi biti nyingi hubaki zilivyokuwa, hivyo butiloda, ilipokisoma kigeu (nafasi ya kumbukumbu yenye jina) cha kuonyesha hali ya kupakia, ilikuta sifuri iliyoachwa na programu kuu. Baada ya saa nyingi bila umeme, ilikuta chochote.

Lugha ya C inaahidi kwamba kigeu cha nje, yaani kilichotangazwa nje ya kazi zote za programu, kisichopewa thamani kitaanza na sifuri, lakini chipu yenyewe haijui ahadi hiyo. Anayeitimiza ni msimbo mfupi unaotangulia `main`, mwanzo wa programu yenyewe: hunakili `.data`, eneo la vigeu vyenye thamani ya kuanzia, kutoka flashi (kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika) hadi SRAM, kisha huandika sifuri katika `.bss`, eneo la vigeu vinavyoanza na sifuri, kuanzia alama moja hadi nyingine, na alama hizo huwekwa na faili la linka, programu inayopanga kila kitu mahali pake katika kumbukumbu. Katika faili letu, alama ya mwisho ilikuwa imewekwa kabla ya `COMMON`, mahali ambapo GCC, kompaila yetu inayogeuza C kuwa msimbo wa chipu, kabla ya toleo la 10 la mwaka 2020, ilivipeleka vigeu vya aina hiyo isipoelekezwa vinginevyo. Kigeu chetu cha kuonyesha hali ya kupakia kilikaa baiti chache tu nje ya mpaka, na hakuna aliyekifuta.

Tiba ilikuwa kuihamisha alama hiyo hadi baada ya `*(COMMON)`. Mwenzangu mmoja alipendekeza tuandike `= 0` kwenye kigeu hicho, na kweli kingeingia `.bss`, mwingine alitaka tubadilishe kompaila tu. Sikukubaliana nao, kwa sababu njia zote mbili zingeondoa dalili na kuliacha faili likiwa na makosa, likimsubiri fundi atakayetufuata.

Katika bodi kubwa zenye DRAM, kumbukumbu kubwa iliyo nje ya chipu kuu, hatari huanza mapema zaidi, maana kumbukumbu hiyo haitumiki kabisa kabla kidhibiti chake hakijaandaliwa. Ndiyo sababu U-Boot, butiloda inayotumika katika bodi nyingi za aina hiyo, inakataza kutumia vigeu vya `.bss` ndani ya `board_init_f`, hatua yake ya mwanzo ya kuandaa bodi. Yanayohitajika wakati huo huwekwa kwenye staki, nafasi ya muda ya kazi inayoendeshwa, au katika `gd`, muundo wa U-Boot wa kutunzia data zake za pamoja.

Sasa ninawaomba jambo moja la vitendo, nami nalisisitiza kwa moyo wote: msingoje stima ipotee ndipo mjaribu. Kabla ya kuiachia chipu ianze, tumieni debaga, chombo cha kuchungulia na kubadilisha kumbukumbu ya chipu, kujaza SRAM yote kwa 0xA5, thamani yoyote isiyo sifuri, kisha mwiachie ianze bila kukata umeme. Kigeu kitakachoonekana na thamani hiyo mahali palipotarajiwa sifuri, kitafuteni katika faili la ramani la linka, orodha ya anwani za vigeu vyote, na mlinganishe anwani yake na alama ya mwisho wa `.bss`. Kifaa kile cha samaki, kilipojazwa hivyo, kilikwama mara ya kwanza tu nilipokiachia kianze.