Mayai, Mvinyo na Madeni: Euro Disney Ilivyoponea Chupuchupu

KASSIM: Haya jamani karibuni, leo tuko Ufaransa. Dada Zuhura, Disneyland Paris unaijua?

ZUHURA: Nani asiyeijua kaka, kila anayefika Ulaya lazima apige picha pale kwenye lile jumba la pinki.

KASSIM: Basi hiyo hiyo bustani ya michezo ya kampuni ya Disney ya Marekani ilikuwa inafilisika kabisa. Mwanzo iliitwa Euro Disney, na hata kabla haijafunguliwa, mwaka 1989 bosi wa Disney, Michael Eisner, kaenda soko la hisa Paris kuzindua hisa zake, akapokelewa na mayai.

ZUHURA: Mayai ya kula?

KASSIM: Ya kurushiwa! Kuna watu walisema Wamarekani wanakuja kuua utamaduni wa Ufaransa, mama mmoja wa tamthilia, Ariane Mnouchkine, akaiita Chernobyl ya kitamaduni, yaani kama ule mtambo wa nyuklia uliolipuka.

ZUHURA: Heee, huyo hakutania.

KASSIM: Wakafungua tarehe 12 Aprili 1992, Marne-la-Vallée, kama kilomita 32 mashariki ya Paris. Watu wametishwa kwamba foleni itakuwa balaa, treni nazo zina mgomo, wengi wakabaki makwao, yaani siku ya sherehe watu hawajafika hata karibu na waliotarajiwa. Miezi miwili baadaye wakulima wakaja na matrekta wakaziba barabara.

ZUHURA: Wakulima na Mickey wapi na wapi?

KASSIM: Hasira zao zilikuwa za sera za kilimo, Marekani ikiwa mojawapo ya waliolaumiwa, na Mickey ndo Mmarekani aliyekuwa karibu.

ZUHURA: Masikini panya wa watu. Ila mi nilisikia shida ilikuwa pombe.

KASSIM: Ilikuwepo, ndani ya bustani hakuna pombe, sasa Mfaransa umnyime mvinyo na chakula chake cha mchana! Walilegeza 1993. Halafu waliambiwa Wazungu wa huku hawanywi chai ya asubuhi ya maana, wakajenga migahawa midogo, kumbe watu wanataka mayai na nyama kama kawaida, ukumbi wa viti 350 unahangaika na watu 2,500. Wafanyakazi nao wakakatazwa ndevu, vyama vyao vikaja juu.

ZUHURA: Kwa hiyo ni utamaduni tu.

KASSIM: Hapana, hapo ndo mi nabishana na watu. Mwaka wa kwanza waliingia watu karibu milioni 10, hiyo siyo bustani inayochukiwa. Kilichowaua ni mkopo. Walijenga hoteli za vyumba zaidi ya 5,000 wakidhani watu watalala siku kadhaa kama kwenye bustani za Disney kule Florida, Marekani, na majengo mengine wauze kwa faida. Sasa treni ya RER inakufikisha toka katikati ya Paris kwa dakika arobaini hivi, mtu anacheza jioni anarudi kwake, alale hoteli ya nini? Na uchumi wa Ulaya ukaporomoka, bei za majumba chini, riba juu, paundi na lira zimeshuka thamani, Mwingereza na Mtaliano wanaona Ufaransa ghali.

ZUHURA: Hasara kiasi gani?

KASSIM: Mwaka wa fedha wa 1993 faranga bilioni 5.3.

ZUHURA: Uwiii.

KASSIM: Ikabidi 1994 wakae mezani, mabenki yakasamehe riba kwa muda, Disney yenyewe ikasimamisha ada ilizokuwa inaitoza bustani, na mwanamfalme wa Saudi Arabia, Al-Waleed bin Talal, akaingia na mamia ya mamilioni ya dola akachukua karibu robo ya hisa. Mwaka huohuo jina likabadilishwa, maana "Euro" ilikuwa inawakumbusha watu biashara tu.

ZUHURA: Na watu wakarudi?

KASSIM: Philippe Bourguignon, Mfaransa aliyeshika usukani 1993, akashusha tiketi ya mtu mzima toka faranga 250 hadi 195 mwaka 1995, wakafungua Space Mountain, ile treni ya kukimbizwa gizani, na mwaka huo ndo faida ya kwanza ikaonekana.

ZUHURA: Basi wakapona.

KASSIM: Bustani ilipona, kampuni iliyoimiliki hapana! Wakaongeza bustani ya pili 2002, madeni bado yanawafuata, Disney ikaja kuokoa tena na tena, mpaka 2017 ikachukua hisa zote ili iiendeshe yenyewe. Na muda wote huo ndo sehemu ya aina yake inayotembelewa zaidi Ulaya.

ZUHURA: Watu wamejaa mpaka mlangoni na bado unadaiwa. Ngoja tupumzike kidogo, tukirudi nina maswali ya huyo mwanamfalme, hisa zake aliziuza kwa nani?

KASSIM: Kwa Disney hao hao, zilizo nyingi, mwaka 2017. Usiende mbali.