Ndoto ndogo hazitatukutanisha

Bwana Yesu asifiwe! Na kwenu ndugu zetu Wakatoliki mliokuja kukaa nasi leo, tumsifu Yesu Kristo. Wachungaji, mapadre, wazee wa kanisa, akina mama wa vikundi vya maombi, shikamooni wote mnaostahili shikamoo.

Mmeniomba nizungumzie umoja. Naomba nianze na kazi. Miaka yote tumetafuta umoja kwanza ili kazi ije baadaye, na tumeishia kupeana mikono katika Wiki ya Kuombea Umoja, kisha kila mmoja anarudi kwake.

Wazee wetu Waluteri walikuwa makanisa saba. Kuna waliolelewa na wamisionari wa Leipzig, kuna wa Berlin, kuna wa Betheli, na Wamarekani nao walikuwa na eneo lao. Kila kanisa na viongozi wake, kila moja na desturi zake. Mwaka 1938 waliunda shirikisho. Vita vikaja, wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa, na Waafrika wakajikuta wamebeba kazi kubwa kuliko walivyotayarishwa. Ndipo tarehe 19 Juni 1963 yote saba yakawa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, na Askofu Stefano Moshi akawa mkuu wake wa kwanza. Hesabuni wenyewe: miaka 25 ya vikao! Wapo waliokaa katika vikao vile tangu mwanzo wakafa bila kuona siku ile.

Na walipoungana hawakukaa kujipongeza. Machi 1971 ilifunguliwa KCMC pale Moshi, hospitali ya rufaa ya kanda nzima, chini ya Shirika la Msamaria Mwema. Hakuna dayosisi moja ambayo ingeweza kuibeba peke yake. Mwaka 1992 Wakatoliki kupitia Baraza la Maaskofu, TEC, na Waprotestanti kupitia Jumuiya ya Kikristo, CCT, wakaunda CSSC, tume ya pamoja ya huduma za jamii. Hawakungoja kwanza wakubaliane juu ya Ekaristi. Wagonjwa walikuwa kitandani, watoto walikuwa darasani, wakaanzia hapo.

Najua kuna anayesema moyoni, "Waumini wangu ni maskini." Mchungaji, umesimama nje ya kanisa wakati wa mnada baada ya ibada. Mama ameleta yai. Mzee mmoja analinunua, analirudisha, linauzwa tena, kijana analinunua, naye analirudisha. Yai moja linalipiwa mara nne, na watu wanapiga vigelegele! Hao ndio unaowaita maskini. Wana moyo mpana, nasi kila mwaka tunawapa wachangie geti, spika na viti vya plastiki. Inaniuma sana.

Wilaya hii kila kanisa lina kamati ya ujenzi. Hakuna hata moja linaloweza peke yake kujenga wodi ya watoto njiti, kuiwekea umeme usiokatika, na kulipa wauguzi wa zamu ya usiku. Tukiwa pamoja tunaweza. Naitaja wodi hiyo kwa sababu akina mama wetu wanasafirishwa mbali na vichanga vifuani, na mtoto njiti hana muda wa kusubiri gari lijae.

Ugomvi utakuwepo, tusidanganyane. Utaanzia kwenye fedha, kisha jina la ubaoni, kisha nani akate utepe. Someni Nehemia sura ya tatu: kila ukoo umetajwa na kipande chake cha ukuta, na wakuu wa Tekoa waliokataa kutia shingo kazini nao wametajwa. Ukuta ulikamilika kwa siku 52.

Basi ombi langu ni hili. Kila kanisa lilete watu wawili: mhazini, na mama mmoja aliyewahi kulea njiti. Akaunti iwe moja, watia saini watatu, kila mmoja kutoka dhehebu lake, na hesabu zisomwe makanisa yote Jumapili moja. Kikao cha kwanza kifanyike kabla ya mavuno, watu wakingali wanapanga watatoa nini.