Rangi Tatu Hazitoshi: Kudizaini Jarida la Reggae Hapa Nairobi

Sawa, wale mko huko nyuma sogeeni mbele kidogo, viti viko, na hizi kava nimeleta ziko na maandishi madogo. Asanteni.

Nimeyaweka majarida chini kwenye sakafu makusudi. Hapa Nairobi ndo hivi yanauzwa, ukipita Tom Mboya Street unapata muuzaji ametandika gunia amepanga yake moja limelalia lingine, kitu unaona ni ule upande wa juu peke yake. Kwa hivyo jina la jarida linakaa juu, si ati kwa sababu mwalimu wa dizaini alisema, ni kwa sababu huko chini kumefunikwa. Karibu kila desturi ya kava iko na sababu kama hiyo na mimi nawaomba muitafute sababu kwanza, ndo muamue kama mnaifuata ama mnaiacha.

Jarida langu la kwanza lilikuwa la majaribio, kopi chache tu. Nilichukua nyekundu, dhahabu na kijani nikazimwaga kila mahali, kwa jina, nyuma ya picha, hadi kwa namba za kurasa. Nikampelekea mama mmoja anauza magazeti, akaligeuza geuza akaniuliza, "Hii ni ya mpira? Ni Kamerun ama Ghana?" Hilo swali liliniuma sana, lakini huyo mama alikuwa ameona sawa kabisa. Hizo ni rangi za bendera ya Ethiopia, Marasta wa Jamaika walizichukua kwa sababu ya Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia aliyetawazwa 1930, alafu nchi za Afrika nazo zilipopata uhuru zikazichukua hizo hizo, Ghana ikatangulia 1957. Ukiziweka bila kitu kingine umechora bendera tu. Na kuna shida ingine ya macho, nyekundu na kijani uzito wao unakaribiana, hebu piga fotokopi ya kava yako, mara nyingi zote mbili zinatoka kijivu kimoja na kichwa cha stori kinapotelea humo ndani. Njano juu ya karatasi nyeupe ndo haisomeki kabisa. Siku hizi mimi naanza na nyeusi, alafu zile tatu naziweka kidogo kidogo, mstari mwembamba hapa, herufi moja pale.

Alafu reggae si kitu kimoja, na msomaji anajua hiyo kuliko sisi. Ukiweka miraba myeusi na myeupe, mtu anayejua atatarajia ska, muziki uliotangulia reggae, lakini ska ya Uingereza, ile ya lebo ya 2 Tone kule Coventry, 1979. Dancehall, ile reggae ya kudansi, ya miaka ya 80 nayo ilikuwa na vikatuni vya Wilfred Limonious kwenye makava ya santuri, watu wamejaa, vijimaneno kila kona, ni vurugu tupu na inapendeza sana. Roots, ile reggae ya kiroho ya Marasta, inataka kinyume cha hiyo. Picha moja kubwa, mtu mmoja, na angalieni hizi tatu hapa chini, hakuna hata mmoja anaangalia kamera. Msanii wa pop anakukazia macho anataka umpende, huyu wa roots amefunga macho ama anaangalia mbali, kuna kitu anakiona wewe hukioni. Sasa ukichukua picha yake ya kucheka na kamera ukaizungushia maneno kumi na mbili ya "ndani utapata hiki na kile", utakuwa umevunja ahadi uliyompa msomaji hata kama yeye mwenyewe ni Rasta wa kweli.

Hii inayofuata ndo naipenda kuliko zote, nisikilizeni vizuri. Ule mpigo wa ngoma wanaita one drop, vile Carlton Barrett alikuwa anaupiga na Bob Marley: unahesabu moja, mbili, tatu, nne, na kwa moja hakuna kitu, pale mahali miziki mingine mingi inagonga, yeye ameacha wazi, uzito wote unaangukia tatu. Hebu pigeni makofi tujaribu. Moja... umeona? Mwili unangoja. Sasa fungua ukurasa wa stori kubwa. Kwani lazima maandishi yaanze juu kabisa pale kushoto? Acha safu ya kwanza wazi, yote, usiweke hata kapicha, alafu kichwa cha stori kiangukie safu ya tatu. Najua mhariri atalia, atasema karatasi ni pesa, na ni kweli kurasa zikishonwa katikati zinaenda kwa nne nne, huwezi kuongeza moja tu. Mimi niko tayari kukata stori nzima ili hiyo nafasi ibaki, kwa sababu hapo ndo jarida linaanza kusikika.

Kuhusu lugha nitasema kwa ufupi. Tuache kujaza patwa, ile lugha ya watu wa Jamaika, kila kichwa cha habari kama vile Kiswahili hakina nafasi humu. Kundi moja la Kingston lilijiita Black Uhuru, wakashinda tuzo ya Grammy ya kwanza ya reggae 1985 na neno letu kwa jina. Wao walikuja kukopa kwetu.

Na dredi. Kwa msomaji wa Kingston dredi ni Rasta. Kwa msomaji wa hapa ni hivyo, lakini pia ni Dedan Kimathi, yule mpiganaji wa Mau Mau, ile picha ya 1956 amekamatwa, na ile sanamu yake pale Kimathi Street. Na watu wanakumbuka 2019 Mahakama Kuu ikisema Urasta ni dini, kesi ya msichana aliyefukuzwa shule sababu ya nywele. Kwa hivyo ukiweka kichwa cha dredi kwa kava Nairobi umeongea mambo mengi kwa mara moja, ndo maana nasema muwapige picha watu wa hapa, kwa mwanga wa hapa, muache kudownload Marley.

Kijana wa fulana ya Lucky Dube ameuliza kuhusu lile jani la bangi, kama ni lazima. Hapana. Ni desturi, ndiyo, lakini msomaji ninayemtaka anasoma kwa matatu asubuhi akienda kazi, amekaa karibu na mzee, sitaki akunje kava aifiche. Simba, ile alama ya Haile Selassie, anatosha, na hata simba usimuweke kila toleo.

Haya, chukueni makaratasi, kila mtu achore kava moja kwa penseli, bila rangi. Tukimaliza tunayapanga hapa chini yakilaliana, tunasimama kule mlangoni, tuone ni gani tutajua ni reggae kutoka huko.